Mbwa akiwa kwenye tibakemikali: kirutubisho gani, kiasi gani, siku gani

Chochote unachomtilia mbwa kwenye bakuli kinapita kwenye ini lilelile linalovunja dawa zake za saratani. Damu inayochukuliwa kabla ya kila dozi ndiyo hiyohiyo inayobeba mafuta ya samaki, manjano na unga wa uyoga. Ukilishika hilo, mengi kuhusu virutubisho vya ziada yanakuwa rahisi kuamua: kila kimoja lazima kiwe na kazi, kipimo na siku yake ya kuanza, na daktari wa mifugo anayemtibu mbwa lazima akijue kwa jina.

Nasisitiza jina kwa sababu "nampa vitamini tu" haimwambii daktari kitu. Piga picha upande wa nyuma wa chupa, ule wenye orodha ya viungo na miligramu, umtumie kabla ya miadi. Tuseme vimeng'enya vya ini vimepanda baada ya dozi kadhaa za lomustini, moja ya dawa za saratani. Siku hiyohiyo daktari anatakiwa aamue kama atapunguza dozi, ataahirisha au ataachana na dawa hiyo kabisa. Kama kuna mafuta ya CBD (yanayotokana na mmea wa bangi) ambayo hajaambiwa, na mafuta hayo nayo yanaweza kupandisha vimeng'enya vya ini kwa mbwa, anaweza kuiondoa dawa iliyokuwa inafanya kazi vizuri. Kwa mbwa mwenye limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, uamuzi kama huo ukikosewa unamgharimu muda wa kuishi.

Chora kalenda kwanza

Chukua dawa ya saratani iitwayo doksorubisini kama mfano, maana inatumika sana kwa mbwa. Siku ya sindano ihesabu kuwa siku ya 0. Kati ya siku ya 2 na ya 5 utumbo ndio unaolalamika: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kukataa chakula. Kati ya siku ya 7 na ya 10 chembe nyeupe za damu, hasa neutrofili, zinashuka hadi chini kabisa. Kuanzia kama siku ya 12 mpaka dozi inayofuata, ambayo mara nyingi huja baada ya wiki tatu, mwili unatulia. Hapo ndipo pa kuanzishia kitu kipya. Siku nyingine zote ukianzisha kitu unajiziba macho mwenyewe.

Mbwa akianza kuharisha siku ya 3, na siku ya 1 ulikuwa umeongeza mafuta ya samaki, huwezi kujua ni dawa au ni mafuta. Daktari naye hawezi. Matokeo yake ama anapunguza dozi ya dawa bila sababu, ama unaachana na mafuta ambayo hayakuwa na kosa.

Ratiba ya CHOP, mchanganyiko wa dawa unaotumika kwa limfoma, inabana zaidi. Mbwa anapata vinkristini, siklofosfamidi, vinkristini tena, kisha doksorubisini, kila wiki dawa moja, pamoja na vidonge vya prednisoloni (steroidi) mwanzoni. Ratiba nyingi za namna hii zina wiki ya mapumziko baada ya dozi ya nne. Ukitaka kuongeza kitu, aidha kianze wiki mbili kabla ya dozi ya kwanza, kama ugonjwa unaruhusu kusubiri, au kisubiri wiki hiyo ya mapumziko. Limfoma kwa kawaida hairuhusu kusubiri. Usicheleweshe tibakemikali hata siku moja kwa ajili ya kirutubisho.

Ongeza kimoja kwa wakati, na ukipe siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kufikiria cha pili. Weka daftari karibu na bakuli na uandike kila siku: ulichotoa na kiasi chake, amekula robo ngapi za bakuli, kinyesi kikoje (kigumu, laini au maji), ametapika mara ngapi. Uzito upime mara moja kwa wiki, kwenye mizani ileile, kabla hajala. Daftari la wiki sita lina manufaa kwa daktari kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Mafuta ya samaki, kwa hesabu

Kwa maoni yangu hiki ndicho kirutubisho chenye sababu nzuri kuliko vyote vya kuzungumzwa na daktari, na ndicho watu wanachokipima vibaya zaidi. Kosa ni kusoma "1,000 mg" upande wa mbele wa chupa. Hiyo ni uzani wa mafuta yote. Kinachohesabiwa ni EPA na DHA, aina mbili za omega-3, zilizoandikwa kwa herufi ndogo nyuma. Kapsuli ya kawaida ya miligramu 1,000 huwa na EPA 180 na DHA 120, jumla miligramu 300. Iliyokolezwa inaweza kuwa na mara mbili ya hapo au zaidi. Ukibadilisha aina ya chupa, unafanya hesabu upya.

Dozi ya mbwa haiendi kwa kilo moja kwa moja, inakwenda kwa uzito wa kimetaboliki, yaani uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua uzito, uzidishe kwa wenyewe mara tatu, kisha bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili. Mbwa wa kilo 20: 20 × 20 × 20 ni 8,000, kipeuo cha pili chake ni 89.4, kipeuo cha pili cha hiyo ni 9.46. Kiwango cha wastani kinachotumika katika lishe ya mbwa wenye magonjwa ya uvimbe na moyo ni kama miligramu 125 za EPA na DHA kwa kila kizio hicho, kwa hiyo 125 × 9.46 ni takriban 1,180. Hizo ni kapsuli nne za miligramu 300. Kikomo cha juu cha usalama kinachotajwa kwa mbwa ni miligramu 370 kwa kizio, yaani 3,500 kwa mbwa huyu. Hapo ndipo dari ilipo, usipafanye lengo. Tena ondoa kiasi kilichomo tayari kwenye chakula chake, kwa sababu vyakula vingi vya mbwa vya kulinda maungio na ngozi vimeshaongezwa omega-3.

Angalia pia nishati. Gramu moja ya mafuta ni kilokalori 9. Kapsuli nne ni 36, hakuna shida. Kapsuli kumi na mbili ni 108, wakati mahitaji ya msingi ya mbwa wa kilo 20 akiwa amepumzika ni kama 660 (70 × 9.46). Kiasi hicho cha mafuta kwa siku kinaleta kinyesi laini, na kwa mbwa aliyewahi kuugua kongosho ni hatari ya wazi. Mbwa huyo mwambie daktari kabla ya tone la kwanza.

Anza na robo ya dozi. Baada ya siku tatu au nne ongeza robo nyingine, hivyo hivyo mpaka umalize kama wiki mbili. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja nyuma. Toboa kapsuli moja kwa kila chupa mpya uinuse: mafuta mazuri yana harufu hafifu ya samaki, yaliyoharibika yananuka kama rangi ya mafuta na yanawasha puani. Yaliyoharibika yanaongeza uvimbe mwilini, kile hasa unachotaka kukipunguza. Mafuta ya kumimina, yasiyo ya kapsuli, chupa yake ikishafunguliwa ikae kwenye friji.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ambao wauzaji huutaja sana, wa mbwa 32 wenye limfoma waliopewa doksorubisini. Nusu walikula chakula kilichoongezwa mafuta ya samaki na arginini (aina ya asidi amino). Miongoni mwa mbwa wa hatua ya III, DHA ikiwa juu kwenye damu, muda wa kukaa bila ugonjwa kurudi ulikuwa mrefu zaidi. Ni habari njema, lakini isome ilivyo: ni mbwa wachache, ni chakula kizima kilichotengenezwa kwa makusudi, na wote walipata dawa. Kapsuli peke yake haikupimwa pale, na hakuna mbwa aliyepewa mafuta badala ya tibakemikali.

Jambo la mwisho hapa: mafuta ya samaki na mafuta ya ini la chewa ni vitu viwili tofauti. Ya ini yana vitamini A na D nyingi. Ukifuata dozi ya omega-3 kwa kutumia mafuta ya ini, unamlimbikizia mbwa sumu polepole.

Vitamini D na kalsiamu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa lake linajificha. Limfoma na saratani ya tezi za pembeni mwa mkundu ni magonjwa yanayojulikana kwa kupandisha kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikipanda, mbwa anakunywa maji sana, anakojoa sana, analegea, na figo zinaumia. Vitamini D nayo inapandisha kalsiamu. Sasa mweke mbwa huyo kwenye prednisoloni, ambayo kila mwenye mbwa ameshaambiwa kwamba itamfanya anywe na kukojoa kupita kawaida. Dalili ya hatari inafichwa nyuma ya dalili iliyotarajiwa, na hakuna anayepiga simu.

Kwa hiyo usimpe vitamini D, kalsiamu wala unga wa mifupa mbwa mwenye saratani hizo bila kipimo cha damu kinachoonyesha upungufu. Soma pia lebo za "mchanganyiko wa viungo" (vya maungio ya mifupa) na "multivitamini", maana D hujificha humo. Bidhaa mbili zenye D kidogo kidogo zinafanya moja yenye nyingi.

Ini: SAMe na silimarini

Lomustini inaumiza ini, na uharibifu unaweza kuongezeka kila dozi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa mbwa 50: waliopata lomustini peke yake, asilimia 84 walipanda kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT, waliopata pamoja na SAMe na silibini (virutubisho vya kulinda ini; silibini ni sehemu kuu ya silimarini), asilimia 68. Ni tofauti ya kadiri, lakini kwa dawa hii ni tofauti inayosaidia kumaliza kozi, na madaktari wengi huandika virutubisho hivyo wao wenyewe. Ukipewa, fuata maelekezo vizuri. Kidonge cha SAMe kina ganda linalokilinda na asidi ya tumbo, kwa hiyo hakikatwi, hakisagwi, na kinatolewa tumbo likiwa tupu, angalau saa moja kabla ya chakula. Ukikisaga juu ya chakula umetupa pesa. Mbwa anayetapika nyongo asubuhi akiwa na njaa, mpe kidonge usiku, saa kadhaa baada ya mlo wa jioni.

Vitamini C, E na wenzao

Doksorubisini na mionzi hufanya sehemu ya kazi yake kwa kuzalisha chembe huria zinazovunja DNA ya seli za saratani. Antioksidanti za dozi kubwa (vitamini C, E, seleniamu, asidi ya alfa lipoiki, N-asetilisisteini) kazi yake ni kuzizima chembe hizo. Hoja inayotolewa kwamba zitalinda seli zenye afya tu na kuiacha ya saratani sijaona kwa mbwa ushahidi wa kuibeba. Msimamo wangu ni huu: hakuna antioksidanti za dozi kubwa katika kipindi chote cha mionzi wala kati ya mizunguko ya doksorubisini, ila daktari wa saratani akiagiza kwa sababu maalumu. Vitamini E iliyomo kwenye chakula, au ile kidogo inayowekwa kwenye chupa ya mafuta ya samaki yasiharibike, si tatizo.

Vitamini C hasa haina dharura yoyote, maana ini la mbwa linaitengeneza lenyewe. Nyingi inaleta kuharisha na oksalati (chumvi inayotengeneza mawe) kwenye mkojo. Asidi ya alfa lipoiki ni sumu kwa mbwa kwa kiasi ambacho mtu mzima anakimeza bila kuhisi kitu.

Uyoga, manjano na vinavyogusa damu

Uyoga wa mkia wa bata mzinga (turkey tail) una kisa kinachofundisha. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichapisha utafiti wa mbwa 15 wenye hemanjiosakoma (saratani ya mishipa ya damu) ya wengu, waliopewa polisakaropeptidi, kiini kilichotolewa kwenye uyoga huo, bila tibakemikali. Kundi la dozi ya juu, miligramu 100 kwa kilo kwa siku, liliishi siku 199 kwa wastani wa kati. Habari hiyo ilienea haraka sana, ingawa kundi hilo lilikuwa mbwa watano. Mwaka 2022 yakaja matokeo ya utafiti wa mbwa 101 waliogawanywa kwa bahati nasibu, uyoga, doksorubisini au vyote pamoja, na kwa jumla uyoga haukuongeza muda wa kuishi. Mpaka leo bidhaa zinauzwa kwa namba ya 2012. Ukiamua kuutumia sikukatazi, lakini usiuache uchukue nafasi ya upasuaji au dawa.

Kurkumini ya manjano inafyonzwa vibaya, ndiyo maana watengenezaji huongeza piperini ya pilipili manga. Piperini inafanya kazi kwa kuzuia vimeng'enya vya ini na pampu ya P-glikoproteini, na hivyo ndivyo vinavyoondoa vinkristini na doksorubisini mwilini. Maana yake dozi ileile ya dawa inaweza kukaa kwenye damu kama dozi kubwa zaidi. Kwa mbwa wa aina ya Collie, Australian Shepherd na mchanganyiko wao wenye kasoro ya jeni ya MDR1, pampu hiyo tayari ni mbovu. Manjano yenye piperini hayana nafasi karibu na dawa hizi.

Kabla ya upasuaji, vinavyopunguza kuganda kwa damu visimame kwa muda daktari atakaosema, kwa kawaida wiki moja hadi mbili: mafuta ya samaki ya dozi kubwa, kurkumini, ginkgo, ginseng. Kitunguu saumu kisiwepo kabisa, kinaharibu chembe nyekundu za mbwa. Mchanganyiko wa "viungo" (vya maungio) wenye gome la mwilo (willow) una salisilati, kemikali za jamii ya aspirini. Ukiuweka juu ya piroksikamu (dawa ya maumivu na uvimbe), au juu ya prednisoloni, unakaribisha vidonda vya tumbo. Dalili yake ni kinyesi cheusi kinachonata kama lami. Yunnan Baiyao, dawa ya mitishamba ya Kichina inayotumika sana kwa hemanjiosakoma inayovuja damu, daktari aijue kabla ya upasuaji, na isikufanye usubiri nyumbani fizi za mbwa zikiwa nyeupe, dalili ya kupoteza damu.

Mbegu za aprikoti, zinazoitwa "vitamini B17", zinatoa sianidi. Hazina kipimo salama cha kujadili.

Namna ya kumpa bila kumharibia chakula

Mbwa mwenye kichefuchefu akionja unga mchungu kwenye mlo wake, anaukataa mlo huo hata kichefuchefu kikiisha. Chakula chake kikuu kiache safi. Tengeneza matonge matatu madogo ya kitu kingine anachokipenda: la kwanza tupu, la pili lenye kidonge, la tatu tupu, yakifuatana haraka ili ameze la pili akiwa analitazama la tatu. Siku ya 2 hadi ya 5 acha virutubisho vyote ambavyo daktari hakuviandika kama dawa. Siku hizo kula ni muhimu kuliko kapsuli.

Usisage dawa ya saratani kuichanganya na virutubisho, wala usifungue kapsuli yake. Siklofosfamidi na toseranibu (dawa nyingine ya saratani) hushikwa kwa glavu na kutolewa nzima, kwa sababu vumbi lake linaingia kwako na kwa watoto.

Bidhaa za binadamu za kutafuna na za maji zisome kama zina zailitoli (kitamu mbadala wa sukari). Gramu 0.1 kwa kilo inatosha kuangusha sukari ya mbwa, na kuanzia gramu 0.5 kwa kilo ini liko hatarini. Multivitamini zenye madini ya chuma nazo zibaki kabatini.

Siklofosfamidi ikichoma kibofu, ukaona mkojo wa damu au mbwa anachuchumaa mara kwa mara bila kitu, unga wa cranberry, tunda linalotumika kwa maambukizi ya mkojo, hausaidii. Kinachochoma ni akrolini, zao la dawa yenyewe, wala si bakteria. Simamisha vidonge na umpigie daktari siku hiyo. Kinga yake ni maji mengi, kutoa dawa asubuhi, na kumtoa nje akojoe mara nyingi, pamoja na usiku kabla ya kulala.

Siku ya 7 hadi ya 10 nyama mbichi isiwepo, na probayotiki zenye bakteria hai zisitolewe mpaka daktari aseme, maana ukuta wa utumbo umedhoofika na walinzi wa damu ni wachache. Madaktari wengi huahirisha dozi neutrofili zikiwa chini ya 1,500 hadi 2,000 kwa mikrolita. Pima joto kwa kipimajoto cha mkunduni asubuhi na jioni: kawaida ni 38.0 hadi 39.2. Likivuka 39.4 siku hizo, au mbwa akilegea hata kama joto liko sawa, usimpe parasetamoli, aspirini wala ibuprofeni. Mpeleke hospitali usiku huohuo, ukiwa na daftari na chupa zote mkononi.